Mota ya Umeme Haizunguki: Pima Hivi Kabla ya Kununua Kontrola Nyingine

Swali la wenye baiskeli na nduthi (pikipiki) za umeme huwa ni lile lile: "Fundi, taa zinawaka, skrini inawaka, honi inalia, lakini nikivuta mafuta gurudumu halitikisiki. Ninunue mota ama kontrola?" Kontrola ni kile kifaa kinachoigawia mota umeme wa betri. Wengi wanaouliza huwa tayari wameshanunua kimoja kati ya hivyo viwili, wakakifunga, na chombo kikabaki vile vile.

Usinunue chochote kwanza. Kwa niliyoyaona kwenye meza yangu hapa Kondele, Kisumu, mota yenyewe ndiyo mshukiwa wa mwisho. Mbele yake wamepanga foleni swichi ya breki, konekta iliyoingia maji, na waya uliokatika ndani ya ganda lake bila kuonekana. Hatua hizi zinaanza na zisizokugharimu hata shilingi, ndipo zifike kwenye kufungua mota. Usiziruke. Wanaoruka ndio wanaonirudia.

Mwongozo unahusu baiskeli na nduthi za umeme zenye mota ndani ya gurudumu la nyuma, ambazo ndizo nyingi huku kwetu. Kama yako iko chini ya mkataba wa kubadilishana betri, fanya hatua ya 1 na ya 3 peke yake, kisha uwapigie wenye chombo. Betri ile si yako, na ukivunja lakiri ya kontrola gharama itakurudia hata kama kosa halikuwa lako.

## Vitu vya kuwa navyo

- Mita ya kupimia umeme ya tarakimu. Ile ya bei ya chini kabisa inatosha, mradi ina sehemu ya volti za DC, sehemu ya alama ya dayodi (mshale uliogota kistari), na ncha ambazo hazijakatika.
- Spana za nati za ekseli, spana za L na bisibisi za aina zote mbili
- Tepu ya umeme na nyaya za kufungia za plastiki
- Brashi kuukuu ya meno na spiriti ya kusafishia konekta
- Pini nyembamba au sindano, ya kuingiza nyuma ya konekta unapopima
- Tofali mbili au kreti ya soda ya kuinulia gurudumu la nyuma
- Simu yenye kamera

Simu si ya mapambo. Piga picha ya kila konekta kabla ya kuichomoa. Rangi za nyaya zinafanana kuliko unavyodhani, na saa mbili baadaye hutakumbuka ni njano ipi iliyoingia wapi.

## Kabla ya kushika waya

Vua pete, saa na bangili za chuma. Betri ya lithiamu ikikutanishwa chanya na hasi kupitia pete haikupigi shoti; inaipasha pete moto mpaka iwe nyekundu kidoleni.

Inua gurudumu la nyuma lizunguke hewani bila kugusa chochote. Unapotafuta kosa, mota inaweza kuamka ghafla wakati umeinama mbele yake, na nduthi iliyoamka haikuombi ruhusa.

Kila ninaposema "chomoa betri", zima ufunguo, chomoa betri, kisha uwashe ufunguo tena na ubonyeze honi kwa sekunde kadhaa. Ndani ya kontrola mna kapasita zinazobaki na umeme hata betri ikiwa mezani. Subiri dakika tano ndipo uguse.

## Hatua ya 1: Ondoa mambo ya aibu

Angalia kitufe cha P. Nduthi na skuta nyingi za Kichina zikiwashwa huanza zikiwa zimefungwa, na mota haiendi mpaka ushike breki na kubonyeza P. Angalia swichi nyekundu ya kuzimia iliyo kwenye usukani. Kisha zima ufunguo, achia mkono wa mafuta (kile kishikio cha kuongezea mwendo) kabisa, uwashe tena. Kontrola ikiona mafuta yamevutwa wakati inaamka, hukataa kazi makusudi ili isikurushe.

Watu wamelipa pikapu kutoka Maseno mpaka kwangu kwa sababu ya kitufe cha P. Sicheki mbele yao.

## Hatua ya 2: Pima betri, kisha iwekee mzigo

Weka mita kwenye V yenye mstari mnyoofu, si ile ya wimbi, upande wa volti 200. Ncha nyeusi kwenye hasi, nyekundu kwenye chanya. Hakikisha ncha nyekundu haijachomekwa kwenye tundu la ampea la mita, maana ikiwa huko utakuwa unakutanisha chanya na hasi moja kwa moja.

Betri ya kawaida ya lithiamu ya volti 36 ikijaa husoma 42. Ya volti 48 yenye seli 13 husoma 54.6. Ya 72 yenye seli 20 husoma 84. Zilizoandikwa LiFePO4 zina hesabu yake: zidisha idadi ya seli mara 3.65. Ukikuta betri ya 48 iko karibu na 40, imeisha. Ichaji kwanza, usitafute mchawi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaona 52 kwenye mita, wanaitangaza betri kuwa nzima na kuendelea mbele. Mita haili umeme, kwa hivyo hata betri ambayo saketi yake ya ulinzi imejifunga inaweza kuonyesha namba nzuri. Acha ncha za mita mahali pake, washa taa kubwa, kisha uvute mafuta. Namba ikishuka volti moja au mbili na kutulia, betri iko sawa. Ikiporomoka kutoka 52 hadi 20 au sifuri, kosa liko kwenye betri au konekta yake, na hakuna haja ya kugusa mota.

Tazama konekta ya betri kwa jicho la karibu. Pini iliyolegea huchoma plastiki inayoizunguka ikawa ya kahawia, na ukiinusa utapata harufu ya moto uliopoa. Pini ya namna hiyo haisafishwi. Inabadilishwa.

## Hatua ya 3: Swichi za breki na stendi

Ukisoma hatua moja peke yake, soma hii.

Ndani ya kila mkono wa breki mna swichi ndogo yenye nyaya mbili. Ukishika breki, swichi inaiambia kontrola ikate mota. Swichi ikikwama, kontrola inaamini umeshika breki mchana kutwa, na haitoi hata chembe ya nguvu. Kila kitu kingine kinawaka kama kawaida.

Msimu wa mvua alikuja kijana wa Ahero, amevuka maji ya mto Nyando yaliyokuwa yamefika juu ya barabara. Alikuwa na kontrola mpya tayari imefungwa, na ya zamani kwenye mfuko wa nailoni. Nilivuta mpira wa mkono wa breki ya kulia. Kulikuwa na matope yaliyokauka yakawa magumu kama ganda la konokono, na kidude cha swichi kimezama humo ndani, hakirudi. Brashi ya meno, spiriti kidogo, tone la mafuta ya cherehani. Gurudumu likazunguka. Ile kontrola mpya hakuweza kuirudisha dukani, kwa sababu alikuwa amekata konekta zake.

Fanya hivi:

1. Washa ufunguo bila kugusa breki, utazame taa ya breki ya nyuma. Ikiwa inawaka, swichi moja imekwama.
2. Zima. Fuata nyaya kutoka kwenye mikono yote miwili ya breki, uchomoe konekta zake. Kwenye baiskeli mara nyingi ziko karibu na usukani, kwenye nduthi ziko chini ya taa au chini ya kiti.
3. Washa, uvute mafuta taratibu. Mota ikizunguka, mwizi umemkamata. Rudisha konekta moja moja ujue ni ya mkono upi.
4. Fanya vivyo hivyo na swichi ya stendi ya kando. Iko chini kabisa, inakula vumbi na matope kuliko kifaa kingine chochote.

Onyo: usiende barabarani ukiwa umechomoa swichi za breki kwa sababu "sasa inaenda". Siku utakaposhika breki huku mkono wa mafuta umekwama, mota itashindana na breki, nawe uko katikati.

## Hatua ya 4: Je, umeme unafika kwenye kontrola?

Kontrola ni lile sanduku la alumini lenye mapezi na nyaya nyingi. Pima kwenye waya wake mnene mwekundu na mnene mweusi. Usomaji uwe sawa na wa betri. Ukikosekana, kosa liko katikati: fyuzi, swichi kuu, au konekta. Fyuzi usiitazame kwa macho, ipime. Nimeona zenye ufa usioonekana mpaka uitikise.

Kisha tafuta waya mwembamba wa ufunguo, mara nyingi mwekundu au wa rangi ya chungwa, unaoingia kontrola karibu na ule mnene. Ufunguo ukiwa umewashwa, nao uwe na volti za betri. Waya huu ndio unaoiamsha kontrola. Bila huo, sanduku limelala, hata kama waya mnene una umeme wote wa bwawa la Turkwel.

Sasa pima volti 5. Ncha nyeusi kwenye waya mweusi wa konekta ya mkono wa mafuta, nyekundu kwenye waya mwekundu wa konekta hiyo hiyo, ukiingiza pini kwa nyuma. Utarajie kati ya 4.3 na 5. Ukikuta sifuri au volti moja, usikimbilie kusema kontrola imekufa. Chomoa konekta ya sensa za mota (ile ya nyaya tano nyembamba, tutaifikia hatua ya 8) na upime tena. Zikirudi 5, kuna sensa au waya wa mota unaozimeza. Kama bado, chomoa mkono wa mafuta upime upande wa kontrola. Vyote vikiwa vimechomolewa na bado hakuna 5, hapo ndipo kontrola inashtakiwa.

## Hatua ya 5: Mkono wa mafuta

Mafuta hakuna, lakini neno limeganda midomoni mwetu, basi tulitumie.

Mkono una nyaya tatu: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya hasi, na ya tatu ya ishara, aghalabu kijani au nyeupe. Pima kati ya nyeusi na ile ya ishara huku konekta ikiwa imeunganishwa na ufunguo umewashwa. Ukiwa umeachia, utaona kama 0.8 hadi 1. Ukivuta taratibu, namba ipande bila kurukaruka mpaka 3.5 au zaidi kidogo ya 4.

Ikikaa pale pale, mkono umekufa au waya umekatika, na mara nyingi umekatika pale unapokunjwa na usukani. Shika waya sehemu hiyo, uukunjekunje ukitazama mita. Ikianzia juu, tuseme 1.5 bila kuvutwa, kontrola nyingi zitakataa kuamka. Mkono huu ni wa bei ndogo, badilisha.

Usiguse waya wa volti 5 na ule wa ishara pamoja "kujaribu tu". Kwenye kontrola isiyo na ulinzi, huko ni kuvuta mafuta yote kwa mkupuo mmoja.

## Hatua ya 6: Acha gurudumu likuambie

Hatua hii haihitaji mita, na ndiyo ninayoipenda.

Chomoa betri. Tafuta nyaya tatu nene za mota: njano, kijani na buluu. Zitenganishe na kontrola, zisigusane. Zungusha gurudumu kwa mkono. Kwenye mota zenye gia ndani, zile ndogo za baiskeli, lizungushe kinyumenyume, kwa sababu mbele linateleza tu bila kuigeuza mota.

Lizunguke laini. Kama ni zito na linakukataa kwa kukwamakwama ilhali nyaya hazigusani, basi zinagusana mahali usipopaona, na mahali penyewe huwa pale nyaya zinapoingia kwenye ekseli. Nati ya ekseli ikilegea, ekseli yenyewe hujisokota na kukata nyaya kama mkasi. Kwa mashimo ya barabara zetu, kaza nati hizo kila mwezi.

Sasa gusanisha njano na kijani, uzungushe. Gurudumu litakuwa zito. Kisha kijani na buluu, kisha njano na buluu. Uzito uwe sawa mara zote tatu. Jozi yoyote ikibaki nyepesi, kuna waya au koili iliyokatika. Zikiwa sawa, koili za mota yako ni nzima na hukuhitaji kununua mota.

Halafu rudisha nyaya tatu kwenye kontrola, betri bado iko nje. Zungusha. Kama lilikuwa jepesi na sasa ni zito, kontrola imeungua ndani. Nenda hatua ya 7 uthibitishe.

## Hatua ya 7: Mosfeti za kontrola

Mosfeti ni swichi za kielektroniki ndani ya kontrola zinazopeleka umeme kwenye nyaya tatu nene za mota. Betri nje, kapasita zimemalizwa kwa honi, nyaya za mota zimechomolewa. Weka mita kwenye alama ya dayodi.

Ncha nyekundu kwenye waya mnene mweusi wa kontrola, nyeusi kwenye njano, kijani na buluu kwa zamu. Kisha ncha nyeusi kwenye waya mnene mwekundu, na nyekundu kwenye zile tatu kwa zamu. Namba huwa kati ya 0.4 na 0.6. Muhimu zaidi ni kwamba tatu za kila upande zifanane. Ukisikia mlio au ukaona 0.00 kwenye mojawapo, mosfeti imeungua na kontrola imekwisha. Kubadilisha mosfeti inawezekana kwa mwenye mkono mzuri wa kulehemu, ila mimi huwashauri watu wanunue kontrola nyingine yenye volti na ampea zile zile.

## Hatua ya 8: Sensa za Hall

Dalili zake hazifichiki: mota inatetemeka, inanguruma, haiondoki mpaka uisukume, au inarudi nyuma na mbele kama mtu anayesinzia. Ndani mna sensa tatu zinazoiambia kontrola sumaku ziko wapi. Moja ikinyamaza, kontrola inabahatisha.

Konekta yake ina nyaya tano nyembamba: nyekundu, nyeusi, njano, kijani na buluu. Iache imeunganishwa, uwashe ufunguo. Ncha nyeusi kwenye waya mweusi. Nyekundu ipeleke kwanza kwenye waya mwekundu kuona karibu 5. Kisha weka kwenye njano na uzungushe gurudumu polepole sana kwa mkono. Namba iruke: karibu 5, karibu 0, karibu 5, karibu 0. Rudia kwa kijani na buluu.

Inayobaki 5 au inayobaki 0 muda wote ndiyo mgonjwa. Lakini kabla ya kuihukumu, fungua konekta uitazame kwenye mwanga wa jua. Nduthi zinazooshwa kwa pampu ya presha kando ya ziwa huniletea pini zenye kutu ya kijani, laini kama ukungu wa mkate. Safisha kwa spiriti, kausha, upime tena. Zaidi ya mara moja ugonjwa umeishia hapo.

Kama sensa imekufa kweli, mota inafunguliwa. Weka alama ya kalamu kwenye kifuniko na kwenye gurudumu ili ukirudishe kilivyokuwa. Tazama vidole: sumaku hurudisha kiini kwa nguvu, na kidole kilichobanwa humo hakitoki kwa kuomba. Badilisha sensa zote tatu kwa pamoja, aina ile ile, uso ukielekea ulikoelekea wa zamani. Ukikuta maji au kutu, kausha kwa siku nzima kabla ya kufunga.

## Kama ulikuwa umeshanunua kontrola mpya

Rangi kufanana si dhamana. Njano ya kiwanda kimoja si njano ya kingine. Tafuta nyaya mbili nyeupe zenye konekta ya kuunganisha, kama kontrola yako inazo. Gurudumu likiwa hewani, ziunganishe na uwashe ufunguo. Mota itazunguka yenyewe taratibu ikijifunza. Likizunguka kinyume, zitenganishe na uunganishe tena. Likienda mbele kwa ulaini, zima, tenganisha, uzifunge kwa tepu.

Isipokuwa nazo, acha nyaya nyembamba zilivyo na ubadilishane zile nene tatu. Mipangilio iko sita, na mmoja tu ndio unaozunguka laini bila kunguruma. Jaribu kila mmoja kwa sekunde chache na mafuta kidogo. Mpangilio mbaya huvuta ampea nyingi na kuchoma mosfeti. Ule laini ukikuta unazungusha kinyume, badilishana njano na kijani upande wa sensa, kisha utafute upya kati ya ile sita.

## Kujaribu barabarani

Gurudumu likiwa bado hewani, vuta mafuta kidogo, achia, shika breki. Mota ikate papo hapo. Rudia kwa breki ya pili. Hapo ndipo urudishe chombo chini.

Endesha mita mia moja mahali tambarare. Simama, zima, uguse nyaya tatu nene pale zinapoungana na kontrola. Vuguvugu ni sawa. Kisha panda kilima cha Riat bila abiria, uguse tena ukifika juu. Ukilazimika kutoa mkono haraka, kuna konekta iliyolegea. Ikaze kabla hujabeba mtu.